Ujumbe Alioufuta Gati

"Simu yako imemeza ujumbe wa mwanangu!" Mokami alifoka akiwa mlangoni kwake, mguu wake uliofungwa plasta ameuegemeza kwenye kigoda.

"Simu yangu haili, jirani! Ingekuwa inakula si ingeshanenepa?" Mama Gati alijibu kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa.

Gati, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akiosha vyombo kama kila asubuhi ya likizo. Siku nyingine ugomvi wa mama hawa ungemchekesha. Majirani walishaanza kusogea, hata mwendesha bodaboda mmoja alizima pikipiki asipitwe na neno. Lakini leo Gati alisugua sufuria moja tu, kichwa chini.

Rhobi, binti wa Mokami, alikuwa akisomea uuguzi chuo kikuu, naye yuko nyumbani kwa likizo. Simu yake ilipotelea kwenye basi, hivyo akaandikisha chuoni namba ya Mama Gati, kama wafanyavyo wengi pale kijijini Issenye. Sasa chuo kilikuwa kinahamishia barua pepe na kalenda zake kwenye mfumo mpya. Wanafunzi waliambiwa wasubiri, kila mmoja angetumiwa kwa simu namba ya siri ya kuufungulia. Humo ndimo wangechagua hospitali ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, na anayewahi ndiye anayepata. Rhobi aliitaka ya Mugumu, awe karibu amuuguze mama yake. Asubuhi hiyo mwenzake alimpigia kwenye simu hiyohiyo ya Mama Gati kumwambia kwamba wote walishatumiwa.

Ujumbe ulikuwa umeingia siku mbili kabla, na Gati ndiye aliyeshika simu. Aliona tarakimu na maneno "usimpe mtu yeyote," akadhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii," ambao mama yake alimfundisha kuwafuta. Akafuta. Jioni Rhobi alipouliza, ndipo Gati akaelewa alichofanya. Lakini ulimi ukasema, "Haujaingia, dada." Siku iliyofuata akasema vilevile. Rhobi akawa anamshukuru kwa kumwangalizia.

"Gati!" mama yake aliita. "Njoo umwambie jirani mbele ya watu. Huo ujumbe uliingia?"

Gati alimtazama mama yake aliyesimama kifua mbele, akimtegemea yeye.

"Uliingia, mama. Niliufuta nikidhani ni matapeli. Halafu nikaogopa kusema."

Mama Gati alirudi nyuma hatua moja, akashika tawi la minyaa. Bodaboda akawasha pikipiki yake, akaondoka polepole.

Rhobi, aliyesimama nyuma ya mama yake, hakugomba. Aliomba simu, akapiga chuoni, akatumiwa namba nyingine papo hapo. Mfumo ukafunguka. Mugumu, imejaa. Tarime, imejaa. Musoma nayo imejaa. Iliyobaki ilikuwa Songea, kule kusini mwa nchi.

"Mugumu imejaa jana jioni," alisema taratibu, macho kwenye simu.

Gati akaangua kilio. "Nisamehe, dada. Nitamchotea mama yako maji mpaka mguu upone."

"Utachota," alisema Mokami, sauti imeshuka. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kufuta hakukuwa kosa kubwa, hata mimi ningefuta. Ungesema jioni ileile tungepiga simu, tukacheka, yakaisha. Kilichompeleka Rhobi Songea ni ule ukimya wako. Siku nyingine ukikosea, sema hapohapo, hata kama unatetemeka."

Gati aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba hata akichota maji mwaka mzima, Mugumu hairudi.

Mama Gati alibaki kwenye minyaa, akichuma majani na kuyatupa. "Jirani, na mimi nimekutolea maneno bure. Naona haya hata kukutazama."

"Njoo na haya zako," Mokami alimjibu. "Mwenzio nina mtoto wa kusafirisha, na ugali wa udaga wa muhogo unapoa. Gati, lete maji ya kunawa. Ingieni ndani tule."