Uvimbe Mbavuni mwa Tafukt

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mlimani mpaka mlangoni mwa hema. Kondoo walisikika, hawakuonekana. Itto alikaa akichambua sufu. Kila alipoinua macho aliona kitu cheupe kikielea ukunguni, hajui ni wingu au ni mbwa wake, Tafukt. Aliipenda sana saa hiyo. Ilikuwa kama dunia nzima imelala, wamebaki macho wao wawili.

Tafukt akaja, akajilaza miguuni pake. Itto akampapasa. Mara mkono ukasimama mbavuni. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe, mkubwa kama yai la kuku.

"Moha!" alimwita mumewe. "Njoo uone balaa!"

Moha akauminya. "Hii ni baridi imejikusanya. Naweka chuma motoni. Nikiuchoma mara moja tu, umekwisha."

"Umchome mbwa wangu?"

"Kwani kondoo hatuwachomi? Mimi mwenyewe mama alinichoma hapa tumboni nikiwa mdogo, nikapona."

"Ulikuwa na njaa tu, mume wangu. Ungepewa mkate ungepona vilevile."

Moha akacheka, lakini chuma akakiweka motoni. Msimu wa baridi uliopita bweha walikula kondoo wa majirani. Wao hawakupoteza hata mmoja, kwa sababu ya Tafukt. Mbwa mwenye kidonda kibichi atalindaje? Na zaidi ya hayo alimpenda, basi.

"Leo Jumatano," alisema. "Dokta Tuda yuko gulioni. Akisema tuchome, nitamshika mwenyewe."

Wakampeleka gulioni. Tuda alikuwa daktari wa mifugo. Alimpapasa Tafukt huku amefumba macho, polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Bibi Itto, shika hapa. Unaona ulivyo laini? Unateleza chini ya ngozi. Mara nyingi huu huwa uvimbe wa mafuta tu. Mbwa wakianza kuzeeka huwapata sana. Ila mkono hauoni ndani."

Akachoma sindano nyembamba, akavuta kidogo, akapaka kwenye kipande cha kioo na kuchungulia kwa hadubini.

"Mafuta matupu. Mwacheni nao. Ukikua haraka, au ukimzuia kutembea, mrudisheni."

"Si tungeuchoma tu tukapumzika?" Moha aliuliza.

"Moto hauondoi uvimbe, ami. Unaunguza ngozi, unaacha kidonda, na nzi wanataga humo."

Lakini mkono wa Tuda haukuondoka. Ulishuka tumboni, ukasimama karibu na chuchu ya mwisho.

"Na huu?"

Itto akagusa. Ulikuwa mdogo kama punje ya dengu. "Huo? Si kitu huo."

Tuda hakutabasamu. "Huu mgumu. Umeng'ang'ania, hausogei. Huu ndio unaonitisha. Unaweza kuwa saratani. Tukiutoa ukiwa mdogo, ana nafasi nzuri. Mkingoja, utafika mapafuni."

Kelele za gulio zikaenda mbali, Itto akaona kama anazisikia kutoka chini ya maji. Alikuwa amemhofia mbwa kwa uvimbe usioua, na ule unaoua hakuujua.

"Utoe," alisema. "Leo hii."

Tafukt akachomwa dawa ya usingizi. Alipolala, miguu yake ilitikisika, bila shaka anafukuza bweha ndotoni. Itto alikaa nje ya banda la daktari mpaka alipoitwa.

Uvimbe uliotolewa ulipelekwa maabara, na baada ya wiki mbili jibu likafika. Ilikuwa saratani kweli, na ilikuwa imetoka yote.

"Kila mwezi mpapaseni mwili mzima," Tuda aliwaambia. "Kwapani, shingoni, kila chuchu. Mkikuta uvimbe, hata mdogo, msiuchome, msiukate, msiufunge uzi. Mleteni. Ukiwa mgumu, au unatoka damu, au unakua upesi, msingoje gulio lijalo."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Tafukt alikuwa juu ya kilima, akibweka kwa sauti iliyojaza bonde zima. Kondoo wote walikuwapo. Jioni Itto alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya mbwa, mikono yote miwili ndani ya manyoya.

"Unatafuta nini?"

"Kwapa la kulia hamna kitu," Moha alisema bila kugeuka.

"La kushoto?"

"Bado. Usinisemeshe, nitaruka mahali."