Chumvi ya Mzee Alfred

Bernardine alishuka basi pale Columbia Heights amebeba mfuko wa chumvi ya kuyeyusha barafu, na bega lilikuwa linamuuma kwelikweli. Ilikuwa Desemba 2014. Saa kumi na nusu tu, giza limeshaanza kutanda, maana jua la Minnesota, huko Marekani, wakati wa baridi lina uvivu wake. Kila mtu kule humwaga chumvi kwenye ngazi za nje asije akateleza. Lakini Mzee Alfred, Mzungu ambaye Bernardine aliajiriwa kumtunza, alitaka imwagwe mpaka ndani. Kwenye kizingiti cha chumba chake cha kulala, mstari mnene, kila jioni.

"Uzee huo," Bernardine alikuwa akijisemea. Lakini hakuwa mjinga. Bibi yake kule Walungu, Kongo, naye alikuwa akimwaga chumvi mlangoni, kuwazuia watu wa ndege za usiku, wale wachawi wanaoruka wenzao wakilala.

Mzee mwenyewe alikuwa rubani wa ndege ya mabomu zamani za vita kuu. Ukutani kulikuwa na picha yake na wenzake, vijana watupu, wanacheka. Wote walikufa siku moja, akapona yeye peke yake, na kwa hilo majirani walimheshimu sana.

Bernardine naye alikuwa na marehemu wake. Mumewe, Sosthène, alikuwa kwenye lori la dereva Byamungu siku wenye bunduki walipofunga barabara. Byamungu aliwaambia abiria, "Ngojeni humu, naenda kuongea nao." Akakata porini, hakurudi. Waliongoja wakachomwa pamoja na lori. Mmoja aliyenusurika ndiye aliyemsimulia Bernardine yote. Na leo Byamungu huyo ni shemasi, anakaa Apple Valley, huku huku Minnesota, na mke na mtoto, na kila Jumapili kanisani humpa Bernardine mkono: "Bwana asifiwe, dada." Naye huitikia amina, huku chuki anayo moyoni.

Basi, jioni hiyo alikuwa jikoni anapasha supu.

Ko. Ko. Ko.

Sasa mtu aliyelelewa vizuri akibishiwa hodi ataacha kuitikia? Hata hakufikiri. "Karibuni," akasema, "mlango uko wazi."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Hakuingia mtu. Iliingia baridi, halafu harufu... ya petroli, na ya nywele zilizoungua. Kwenye zulia la korido zikaanza kutokea alama za buti, mbichi, za watu wengi. Zikampita. Zikaenda kusimama mbele ya ule mstari wa chumvi.

Bernardine aliuruka mstari akaingia chumbani mbio. Mzee alikuwa ameketi kitandani, pajama mwilini, miguu peku.

"Umewaambia nini?"

"Nimewakaribisha."

"Maisha yangu yote sijawahi kuitikia mlango jioni," mzee akanong'ona. "Usiiguse chumvi. Nakuomba."

Kisha sauti ikatoka koridoni, inakwaruza kama redio mbovu.

"Kapteni... bado tunangoja."

Bernardine alihisi mkojo unambana. "Mzee, hawa ni nani?"

Akamweleza kwa vipande vipande. Walikuwa wanarudi kutoka kupiga mabomu, wamo ndani ya wingu. Ndege nyingine ya jeshi lao wenyewe ikachomoza, ikawagonga, ikakata bawa. Parachuti walikuwa nazo wote.

"Sasa mbona hawakuruka?"

Mzee akatazama magoti yake. "Niliwaambia wangoje. Nikasema nitaishikilia ndege." "Halafu nikaruka mimi. Nilikuwa kijana. Niliogopa."

"Ukaja kusema wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kuruka."

Mzee akavuta blanketi, akajifunika magoti.

Bernardine akamwona Sosthène kwenye benchi la lori, begi juu ya mapaja, ametulia, anangoja alivyoambiwa. Alikuwa mtu wa kutii, masikini. Hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Akachukua ufagio nyuma ya mlango.

"Bernardine," mzee akasema, "ngoja."

Angesema neno lolote jingine, labda angemhurumia.

Akafagia.

Akageukia ukutani, hakutaka kuona. Alisikia upepo mkali, nguo zinapigapiga, na kilio... kilio kirefu kinachoshuka, kinashuka, kinazidi kushuka, ndani ya chumba ambacho dari yake unaigusa kwa mkono.

Kishindo.

Zile buti zikarudi taratibu, zikasimama mbele ya miguu yake.

"Na wewe," sauti ikanong'ona, "nani aliyekuangamizia mtu wako?"

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Byamungu," akasema. "Apple Valley."

Daktari alisema mzee kaanguka kutoka kitandani. Lakini waliombeba walitazamana, maana hakuwa na mfupa mzima, na kitanda chenyewe kilifika magotini tu. Walimtoa vilevile alivyokuwa, peku.

Wiki iliyofuata, jioni, Bernardine yuko kwake, mtaa wa Cedar-Riverside, na chai yake, simu ikalia. Alikuwa Emérance, mke wa Byamungu.

"Dada, kuna watu wanabisha hodi hapa, nikichungulia sioni mtu. Na kunanuka petroli. Byamungu amejifungia chumbani, anasema sisi tungoje tu hapa sebuleni."

Nyuma yake alisikika Joyeuse, bintiye mdogo, akiimba wimbo wa shule. Bernardine alimsikia vizuri. Alijua mtoto yuko mle ndani, na bado akasema.

"Wakaribishe, dada. Nani anaacha wageni nje na baridi hii?"

"Karibuni," Emérance akaita.

Mlango ukalia. Buti zikapita. Byamungu alilitaja jina la Yesu mara moja, kisha kikaanza kile kilio cha kushuka. Bernardine hakukata simu. Alitabasamu, ndiyo, alitabasamu, akaweka sikio vizuri asipitwe na kitu.

Kilio kikakatika. Mtu akaokota simu sakafuni. Alikuwa Joyeuse, anapumua karibu kabisa.

"Mama Bernardine? Kuna babu hapa, Mzungu, hana viatu. Anauliza unakaa wapi."