Dhahabu ya Rubani Florian

SAA 2:40 ASUBUHI, JUMAPILI

Chumba cha nyuma ya duka la vitenge, barabara ya Chaussée de Wavre. Kyungu alisukuma marobota kando, akachora kwa chaki juu ya meza: mlango, ukumbi, chumba cha kulala, kabati.

"Bon. Muzee iko peke yake mupaka onze heures, saa tano. Dhahabu iko mu kabati, mu sanduku ya chuma. Tunaingia, tunabeba, tunatoka. Bertin atabakia chini, ataangalia barabara. Éli, weye utafungua mulango, kisha utaendesha."

Éliézer aliutazama mchoro. Kila mstari ulitoka kinywani mwake mwenyewe. Dada yake mkubwa, au yaya kama wanavyosema kwao, Viviane, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mzee Florian, mwaka wa nne sasa. Jioni alisimulia habari zake mezani: Mromania, rubani wa vita, aliyetoroka na ndege ya jeshi enzi zile Wamarekani na Wasovieti wakikaziana macho. Alitua upande wa pili, akalipwa dhahabu, na hajawahi kuigusa. Viviane alisimulia kwa huruma. Mdogo wake alisikiliza kwa tamaa, na wiki iliyofuata akachongesha ufunguo wa pili.

"Yaya Viviane hajue kitu," Éliézer alisema. "Jina yake isitokee. Naomba ile tu."

"Haitatokea."

"Na muzee?"

"Nani atamugusa? Damu hapana."

Jambazi akikuapia kuwa hakuna damu, tayarisha ndoo. Éliézer alilijua hilo vizuri. Lakini alitaka kuamini, akaamini.

SAA 4:05

Mtaa wa Saint-Gilles, nyumbani kwa mzee, ghorofa ya pili. Viviane alikuwa kanisani, kwenye kwaya. Ufunguo ulizunguka bila kelele. Kyungu alikuwa ametoa amri moja tu: ndani, hakuna kufungua mdomo. Akapita moja kwa moja hadi kabatini.

Mzee alipaswa kuwa amelala. Alitoka chooni, akaingia ukumbini na mkongojo wake, akaona mtu mwenye barakoa, akarudi nyuma. Mkongojo uliteleza. Goti likapiga sakafu.

"Pole, papa!"

Lilimtoka Éliézer kabla hajafikiri, na mikono yake ilikuwa tayari imemdaka mzee kwapani. Kwao Bukavu mtu mzima haanguki mbele yako ukanyamaza, hata kama umekuja kumwibia. Ulimi ukaponza kichwa.

Florian alimkodolea macho.

"Viviane ananiambia hivyo kila nikikohoa," alisema kwa Kifaransa chake kizito. "Wewe ni yule mdogo wake anayemsimulia. Éliézer."

Kyungu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, sanduku mkononi. Aliliweka chini polepole, akatoa kisu.

"Umesikia? Anajua majina."

"Uliniapia, Kyungu."

"Ni weye ulisema, hapana miye! Alors, akibakia muzima, dada yako analala prison leo. Unataka ile?"

Florian hakuomba. Alimtazama Éliézer tu.

"Mimi nilikuwa na kaka," alisema. "Siku niliporuka na ile ndege, walikwenda kumchukua. Alifia gerezani. Mimi nikapewa hilo sanduku."

Éliézer alikuwa na nguvu kumzidi Kyungu, na kisu kilikuwa kifupi. Angeweza kusimama katikati yao.

Aliinama, akabeba sanduku.

"Natangulia ku voiture," alisema.

Alipokuwa ngazini alisikia kitu kizito kikianguka juu. Safari hii hakusema pole.

SAA 4:14

Bertin alitupa sigara. "Kyungu iko wapi?"

"Iko juu. Panda haraka, anakuhitaji."

Bertin alipanda mbio, maskini, bila hata kuuliza sanduku linaenda wapi. Éliézer akawasha gari, akaondoka peke yake.

SAA 5:35

Kituo cha mafuta, karibu na mpaka wa Ufaransa. Simu iliita, ikakata, ikaita tena. Viviane. Aliipokea.

"Éli! Bameua papa Florian!" Alikuwa akilia kwa sauti. "Nimetoka ku misa, nimekuta police bamejaa mu nyumba. Jirani alibaita. Bamekamata Kyungu na Bertin mu escalier, ku ngazi. Na ule Kyungu, bila haya, anasema ni weye ulifungua mulango!"

Éliézer alifumba macho. "Yaya, umewaambia nini?"

"Nimesema ni mubongo, anasema uongo! Nimesema asubui yote ulikuwa na miye ku église, umekaa karibu na kwaya, nimekuona na macho yangu. Bameandika, nimetia signature." Akavuta pumzi. "Najua hukukuja ku misa. Lakini najua mutoto wa mama yangu. Haukuwa pale kwa papa Florian, ni kweli?"

Sanduku lilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Neno moja la kweli lingemwokoa dada yake, angefuta maneno aliyotia sahihi. Alilitafuta, akaliona, akaliogopa.

"Ni kweli, yaya."

"Asante Mungu," Viviane alisema. Nyuma yake sauti ya polisi, ya upole sana, ikasema watu wa kwaya wamekana kumwona mdogo wake, ikamwomba akate simu na anyooshe mikono yake atiwe pingu.