Mkwaruzo Katika Diski

Kisikizi kiliwekwa nyuma ya sikio la Mzee Rweyongeza, kikang'ang'ania hapo kama kupe. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusikiliza diski inavyozunguka ndani ya fuvu na kutambua dalili za kufa kwake mapema. Mhandisi Kabula ndiye aliyekibuni. Katika Bukoba ya wakati huo, wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau walipandikizwa diskikumbu, na kumbukumbu zao zote zikatunzwa humo. Kabla ya kisikizi, diski ilikufa ghafla, na mtu akaamka hajui hata jina lake.

Kabula alitega sikio. Badala ya mvumo laini akasikia mkwaruzo. Mkono wa kusomea ulikuwa unagusa sahani ya diski iliyobeba kumbukumbu na kuikwaruza.

"Mzee, diski imebakiza siku mbili, pengine tatu," alisema. "Tumewahi. Nitazihamishia kumbukumbu kwenye diski mpya."

"Mungu ashukuriwe," alisema Abela, mkewe.

"Si zote, mama." Kabula alishusha pumzi. "Sehemu moja ya kumi imekwaruzika. Nikilazimisha kuisoma, mkono unaweza kuvunjika, nazo zilizobaki zikapotea."

"Ni miaka gani hiyo?" Mzee aliuliza.

"Kuanzia mwaka wa hamsini na nne hadi wa sitini na tatu, pamoja na kila kumbukumbu ya baadaye iliyofungamana nayo."

Mume na mke wakatazamana. Hiyo ndiyo miaka tisa aliyoishi binti yao wa pekee, Kokushubira.

"Basi soma hiyo," alisema Mzee. "Mengine yapotee."

"Na mimi nipotee?" Abela aliuliza. "Usiponijua mimi, utamlilia na nani?"

Mzee alimgeukia. "Lakini nikifutiwa, habari zake zitakuwa kwangu habari za mtoto wa watu."

"Nitakusimulia. Kila siku, mpaka umjue."

Mzee aliomba saa moja. Akafumba macho, akaanza kumsemesha mwanawe kwa Kihaya, taratibu, kama anayembembeleza alale. Kabula alitoka nje akawaacha. Aliporudi, Mzee alifuta uso kwa kiganja.

"Haya, binti yangu," alimwambia Kabula. "Fanya."

Kazi ilichukua mchana kutwa. Sehemu tisa zilihama salama. Mzee alipozinduka alimwita mkewe kwa jina, akamuuliza kama amekula. Kabula nusura apige makofi.

Abela akavuta kiti. Akamwambia kwamba walikuwa na binti aliyependa kuimba akifagia uwanja, aliyeogopa radi, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku nne. Mzee alimsikiliza kwa makini, hakumkatiza hata mara moja. Macho yake yalikuwa makavu. Abela alipomaliza, Mzee akamshika mkono kwa upole, kama mtu aliyekwenda msibani kwa jirani.

"Pole sana, mke wangu," alisema. "Kumbe uliwahi kufiwa na mtoto."