Pazia la Saa Sita

Saa sita mchana, jua la Januari likiwaka juu ya mji wa Moshi, gari-bango, gari la kutembeza matangazo, lilisimama kando ya barabara kuu na kufungua pazia lake. Halikuwa pazia la kitambaa. Lilikuwa vumbi la chembe zilizoruka zenyewe na kumeza mwanga, mpaka eneo la hatua thelathini likawa na giza la magharibi. Ndani ya giza hilo tangazo la sabuni liling'aa, likasomeka hadi ghorofa za mbali.

Zamani, kila kiangazi kilipofika, jua liliyafifisha matangazo ya magari, na wateja wakasubiri mawingu ya Juni. Mhandisi Aikande Lyimo ndiye aliyelimaliza tatizo hilo.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amesoma taarifa ya ajali ya mwanzoni mwa mwezi. Dereva wa bajaji, Shafii Msangi, miaka sitini na miwili, aliingia ndani ya pazia akamgonga mwanamke aliyekuwa akivuka. Mguu wa mwanamke huyo ulivunjika. Dereva alikiri kosa, akasema macho yake yamezeeka, akarudisha leseni.

Aikande aliisoma mara tatu. Pazia lilijaribiwa Julai, mawingu yakiwa yametanda, na waliojaribu walikuwa vijana pekee. Jua la Januari alilipigia hesabu tu. Hesabu ilionyesha kwamba mtu wa miaka sitini, akitoka kwenye jua lile na kuingia gizani, angekaa sekunde tisa bila kuona kitu. Julai hiyo aliandika "inakubalika", kwa sababu uzinduzi ulikuwa wiki ile.

Alimpigia mkurugenzi simu.

"Tuyazime mapazia yote leo."

"Vumilia, Aikande. Juni mawingu yatarudi, na tatizo litakwisha lenyewe."

Hakubishana. Aliipeleka hesabu yake kwa askari wa usalama barabarani, yenye jina lake chini, kisha akaenda kwa Mzee Shafii.

Alimkuta sebuleni, mkewe akimsomea gazeti.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyetengeneza lile pazia. Macho yako hayana kosa. Nilijua kwamba mtu wa umri wako hataona, na nikaliruhusu."

Mzee alimgeukia.

"Ulijua tangu lini, binti yangu?"

"Tangu Julai."

"Basi wewe ulijua Julai," alisema taratibu, "na mimi, tangu siku ile, hata mjukuu wangu simbebi. Naogopa nitajikwaa naye. Kila Jumapili nakwenda kwa Nakunda, yule mama niliyemvunja mguu, kumwomba radhi. Ananiambia, mzee, uzee hauna dawa."

"Nisamehe, mzee."

"Usianzie kwangu. Twende kwake, ukayaseme haya mbele yake."

Mkewe alikunja gazeti, akamletea kofia. Nje jua lilikuwa kali, na ngazi tatu za baraza zilionekana wazi mbele yao. Hata hivyo Mzee Shafii alisimama mbele ya ile ya kwanza, akaipapasa kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga.

"Unaona vizuri, mzee," Aikande alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekusikia," alijibu, akaanza kupapasa ngazi ya pili.