Mtarakwa Mgumba

Mwanangu ni seremala. Kila asubuhi hufungua karakana, hupuliza vumbi kwenye randa, kisha hunywa chai akiwa wima. Nyuma ya karakana tuna mitarakwa miwili mikubwa, ya mwisho kubaki mtaani kwetu. Mmoja huzaa vitunda vya zambarau. Mwingine haujazaa hata kimoja.

Siku moja alipata kazi ya mlango. Akachukua msumeno.

"Mama, leo naukata huu mgumba. Tunaulea wa nini?"

Jirani yetu hutunza kitalu cha miti. Sisi humwita Mama Miche. Alikuwa akipita na ndoo yake.

"Fundi, weka msumeno chini! Huyo si mgumba. Huyo ni baba."

Mwanangu akacheka. "Ee! Mti nao una baba?"

"Mtarakwa una dume na jike. Hebu tikisa tawi."

Akatikisa. Vumbi la manjano likammwagikia kichwani, akawa kama katoka kinuni.

"Vumbi hilo hupeperushwa na upepo hadi kwa jike," Mama Miche akasema. "Bila dume, hupati mbegu ya kuota. Na ukiukata, kisiki hakichipui."

Hapo nikamkumbuka ndege wa utotoni mwangu. Tulimwita Kinanda. Dume ndiye aliyeimba, basi watu wakakamata madume, wakayafungia matunduni. Majike yakabaki porini, yakataga mayai yasiyoanguliwa. Leo Kinanda hayupo tena duniani.

"Mwanangu," nikamwambia, "ndege tulimmaliza kwa kumpenda dume. Wewe mti utaumaliza kwa kumdharau dume. Lakini Kinanda harudi. Mti bado tunao."

Akauning'iniza msumeno. Mlango akautengeneza kwa mbao za msonobari wa kupandwa.

Mama Miche akatufundisha. Tulichuma vitunda vilivyoiva, tukavifikicha, tukaloweka mbegu. Zilizoelea tukazitupa. Zilizozama tukazipanda kwenye mchanga, kivulini, tukanyunyizia maji kidogo kidogo. Mwanangu alichungulia kila siku. "Haraka ya nini?" nikamtania. "Hata wewe ulichelewa kutembea!"

Zikaota. Sasa kila nyumba mtaani ina mche wetu.

Juzi mteja aliuliza, "Fundi, mbona mti huu hauna tunda?"

Mwanangu akatikisa tawi. Mteja akageuka manjano mpaka kope.

"Mwamkie," mwanangu akasema, kifua mbele. "Huyo ndiye baba wa miche yote uliyoiona njiani."