Mdomo wa Kuli

"Usiguse mtu mpaka uione kamera inawaka," sauti ya Mkuu ilinong'ona sikioni. "Wana nyingine ya bandia ya kutupoteza."

"Nimekupata."

Hamud Seifu alijitwisha boksi la feni, akaupasua umati wa Mtaa wa Narung'ombe. Fulana iliyotoboka, kandambili, jasho la kweli. Kiunoni, bastola ya Glock 19. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Kariakoo mtu haoni kuli, anaona mzigo unaokuja kumgonga.

Hatua ishirini mbele, dalali wa vitu vya wizi aitwaye Shomari alimwongoza mgeni mmoja, Brandt. Ndani ya begi la Shomari ilikuwamo kazi ya miaka sita ya Dokta Evarista wa Upanga: kamera ya mwanga, nene kama kalamu, inayoiona saratani kabla jicho la daktari halijaiona. Ilikuwa moja tu.

Saa kumi Brandt alikuwa na ndege. Akifika nayo kwao, angeisajili kwa jina lake, na wagonjwa wa huku wangebaki kuisikia redioni.

Hamud alimeza mate. Kidonda cha chini ya ulimi kikachoma. Tangu Ramadhani kilikuwa hakijapona, naye tangu Ramadhani alikuwa akiilaumu pilipili.

Miezi mitatu nyuma, alipokwenda kukagua ulinzi wa maabara, Dokta Evarista alimwambia, "Kaka Hamud, fungua mdomo nikuonyeshe. Nyama nzima inang'aa kijani. Palipo na saratani panabaki peusi."

"Siku nyingine, daktari. Nina haraka."

Hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anaogopa.

Shomari na mgeni wake waliingia duka la taa. Hamud akawafuata.

"Bosi, mzigo huu niushushe wapi?"

"Tupa hapo, sepa."

Brandt aligonga kaunta. "Silipi kabla sijaona."

Hapo alikuwa sawa, maana ndiyo desturi ya Kariakoo. Hata balbu ya bei chee muuzaji huichomeka mbele yako, iwake, ndipo uingize mkono mfukoni.

"Basi jaribu kwako," alisema Shomari. "Mimi siweki mdudu huyo mdomoni."

Brandt alitikisa kichwa. Wote wawili wakamgeukia kuli, aliyekuwa bado anahangaika na boksi lake.

"We mwanangu, njoo. Fungua mdomo tu, nakupa ya soda."

Hamud angeweza kuchomoa bastola palepale. Lakini amri ilikuwa amri, na kamera ilikuwa bado haijawaka.

Akafungua mdomo.

Shomari alishusha shata la mlango, akazima taa zote za duka. Brandt akaingiza kamera, mwanga wa bluu ukawaka mdomoni mwa Hamud. Kwenye tableti juu ya kaunta picha ikajitokeza. Kijani shavuni. Kijani kwenye ufizi.

Chini ya ulimi, weusi. Ukashuka, ukapanuka, ukapotelea kooni.

"Cheki!" Shomari alipiga makofi kwa furaha. "Si nilikwambia inafanya kazi? Dah, kuli, pole mwanangu. Wewe umeshakwisha!"

"Nzuri," alisema Brandt. "Nzuri sana."

Miaka kumi na saba ya risasi na visu, Hamud hakuwahi kulia. Sasa alitamani kuketi chini alie kama mtoto.

"Inawaka?" Mkuu aliuliza sikioni.

Hamud aliiuma kamera kwa meno isianguke, akafumba midomo kuuziba mwanga, mikono ikabaki huru.

Kiwiko kikatua shingoni mwa Shomari.

Brandt alichomoa Beretta, lakini gizani hakujua aelekeze wapi. Hamud alimshika kifundo cha mkono, akakizungusha. Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka kati ya maboksi ya balbu.

Sekunde tisa.

Akaitoa kamera mdomoni, akaifuta kwa fulana.

"Mzigo ninao. Leteni gari."

Mkuu akauliza, "Hamud, nimesikia kelele. Huyo jamaa alikuwa anasema nini?"

"Alisema inafanya kazi."

Saa tisa, Upanga, Dokta Evarista aliipokea kamera kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka. Kisha akafungua picha ya mwisho iliyohifadhiwa ndani yake. Furaha ikamwisha usoni.

"Ya nani hii?"

"Kuli mmoja. Walimjaribia."

"Mimi niliitengeneza ili tuwahi, kaka Hamud. Huyu tumemchelewa. Imeshashuka kooni. Mlete, tumpunguzie maumivu. Ana watu?"

"Ana binti."

"Basi akae karibu naye."

"Nitamfikishia."

Hamud alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka getini bila haraka, akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Huda. Leo nakula nyumbani. Usitie pilipili."

"He! Wewe, bila pilipili?"

"Leo usitie, mama," alisema, akavuka barabara.